Lango Jekundu la Ukoo wa Nam

Nam Ikyeom hakumlilia baba yake. Nalisema hili mwanzo kabisa, ili baadaye pasiwe na wa kunishika shati. Sauti ilitoka, ndiyo, tena sauti nene ya mtoto wa kwanza wa kiume: aigo, aigo, siku ya kufa, siku ya maziko, na kila asubuhi na jioni tangu hapo. Bonde zima la Cheongam lilimsikia. Lakini macho yalikuwa makavu, na yeye mwenyewe alijua.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kupita. Wangapi wamewazika baba zao huku wakiwaza mavuno? Ila baba wa Ikyeom alikuwa Mwalimu Nam, na Mwalimu Nam, katika miaka yote aliyofundisha mafundisho ya Konfusio bondeni pale, alikuwa na neno moja asilolichoka: binadamu huzaliwa mwema. Kila mtu, alisema, hutiwa mbegu moyoni tangu tumboni mwa mama yake, na mbegu ya kwanza ni huruma. Hiyo haifundishwi wala haiagizwi. Inachipuka yenyewe kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri. Wanafunzi walipenda kumchokoza: je, asiyekuwa nayo? Naye aliwajibu kwa upole uleule kila mara, "Huyo bado sijakutana naye, na siombi kukutana naye."

Mtoto wake alikuwa amekaa safu ya nyuma, akiwaza kwamba mtu huyo baba anakula naye kila siku.

Maana kulikuwa na kisa cha ndama. Ikyeom alikuwa mdogo, mto umeganda, na ndama wa jirani akatumbukia barafuni. Watoto wenzake wote walikimbia. Wengine walilia, mmoja alivua koti lake amtupie mnyama alishike, sijui kwa meno au kwa kwato, lakini alilivua. Ikyeom alisimama ukingoni akitazama maji yanavyopanda juu ya barafu. Hakufurahi, wala hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alisimama tu. Baba yake alikuja mbio, akampita, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Mbona umesimama?"

Baba alimwangalia kwa muda mrefu, akageuka akaenda kushika kamba pamoja na wengine. Hakuuliza tena swali hilo mpaka anaingia kaburini, na Ikyeom hakuusahau ule mwangalio hata siku moja.

Basi Mwalimu alipokufa, mwanawe akatangaza jambo lililowaacha watu midomo wazi. Atafanya matanga kama yalivyofanywa zamani: atajenga kibanda ubavuni mwa kaburi, akae humo mpaka miaka mitatu ya msiba ifike mwisho. Siku hizi nani anafanya hayo? Watu hufunga kamba ya majani kiunoni, wakalia kwa saa zao, wakalala ndani kwenye sakafu zao zinazopashwa moto kwa chini. Wazee wa ukoo walimsifu mpaka akaona aibu. Hawakujua kwamba hakupanda kilimani kwa mapenzi. Alipanda kujichungulia. Alitaka kukaa mahali pasipo mtu wala kazi, aone kama ndani yake kuna kitu chochote kitakachochipua.

Kibanda kilikuwa cha nyasi, mlango wake ukitazama tuta la kaburi. Alilalia mkeka, kichwa juu ya gogo. Alivaa nguo ya msiba ya katani mbichi, akatembea na mkongojo wa mwanzi, hakunywa pombe, hakuonja nyama. Na nyumbani kwake, ambako aliweza kuuona moshi wake ukipanda kila alfajiri, hakutakiwa kutia mguu. Wala hakutakiwa kumwona mkewe.

Mkewe aliitwa Bi Sangol, kwa sababu alitoka kijiji cha Sangol. Ndivyo wanawake walioolewa wanavyoitwa kwetu, na hakuna anayeuliza zaidi. Walikuwa hawana mtoto. Kila asubuhi Bi Sangol alipanda na bakuli la uji wa shayiri na figili za chumvi, akaliweka juu ya jiwe bapa chini ya misonobari, akaligonga jiwe kwa kijiko cha shaba: ko, ko, ko. Kisha alishuka bila kugeuka. Ikyeom alingoja mpaka nyayo zipotee ndipo akatoka kuchukua. Mara chache aliwahi akauona mgongo wake mweupe ukikata kona.

Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao. Usidharau. Katika kugonga kule mna maneno mengi. Siku aliyoamka vizuri aligonga haraka haraka, kama mtu anayebisha kwa jirani. Siku alipokuwa na hasira, na Bi Sangol alikuwa na hasira zake, aligonga mara moja tu, kisawasawa, kijiko kikabaki kinalia. Ikyeom alikohoa siku kadhaa kiangazi cha kwanza; hakumwambia mtu, lakini chini ya bakuli akakuta peasi lililochemshwa na asali. Wakati wa baridi bakuli lilikuja limefungwa ndani ya sketi yake ya zamani ya pamba, na fundo lilikuwa upande wa kushoto, kwa kuwa alifunga kwa mkono wa kushoto.

Ilipofika mwaka wa pili, Ikyeom aliamka kabla ya kilio cha asubuhi, akalala macho wazi akisikiliza. Akisikia ko, ko, ko, mabega yalishuka, akaenda kulia kilio chake kikavu mbele ya kaburi. Mimi ningekuwepo ningemwambia, bwana wee, unachokitafuta si ndicho hicho? Lakini hakuniuliza. Alikuwa amelikodolea macho kaburi, akingoja kitu kitoke huko.

Aliyekuwa na ruhusa ya kumtembelea ni baba yake mdogo, Nam Ungseo, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Mtu mnene, mcheshi, mgawaji wa maji ya mashamba. Alikuja mwanzoni mwa baridi ya mwisho, mkono umejaa kuni, anahema.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba. Hebu nikuone. Eh, umekonda vizuri. Karani akikukuta hivi hatahitaji hata kuuliza."

"Karani gani?"

"Wa mkuu wa wilaya. Bwana Eom." Ungseo alikaa juu ya kuni zake. "Tumepeleka jina lako, mwanangu. Mtoto mwema kuliko wote wilayani. Akija akaona kwa macho yake, tunajengewa lango jekundu. Unajua maana yake? Ukoo wenye lango hauchukuliwi shokoa. Hakuna kijana wetu atakayekwenda tena kubeba mawe ya ngome."

"Sistahili."

"Kila anayestahili husema hivyo. Ukimwambia yeye, punguza sauti kidogo, itapendeza."

"Baba mdogo, sijamlilia baba."

"Usinichekeshe. Bonde zima halilali kwa kelele zako."

"Ni sauti tu. Ndani hamna kitu."

Ungseo akaacha kucheka. Alichukua kijiti akachora chora kwenye udongo, kisha akakitupa.

"Nisikilize. Marehemu kaka alisema mtu ni mwema kwa asili. Nilimheshimu, sikumbishia. Lakini mimi ndiye ninayegawa maji wakati wa kupanda mpunga. Ukitaka kuijua asili ya mtu, njoo usimame kwenye mfereji siku ya zamu. Ndugu wa tumbo moja wanatoana macho kwa ajili ya debe la maji. Watu hawana mbegu, mwanangu. Watu wana desturi. Ndiyo maana tumewekewa saa za kulia, ili hata asiye na machozi apate cha kufanya. Wewe lia kwa saa. Ya ndani yaache hukohuko. Moyo wa mtu ni msitu, nani kakutuma uende kuusafisha?"

Akaondoka. Ikyeom alibaki na maneno yale, na kwa namna fulani yalimpa nafuu, na kwa namna nyingine yalimwongezea upweke. Ikiwa baba mdogo anasema kweli, basi watu wote ni watupu kama yeye. Lakini aliwakumbuka watoto wa mtoni, na koti lile, akajua si kweli. Ni yeye tu.

Theluji ikaanguka, ikakaa. Asubuhi moja jiwe halikugongwa.

Alisubiri. Jua lilikuwa limeshatoka juu ya mlima aliposikia nyayo, lakini nzito, za mtu anayeteleza na kujisemea. Alikuwa Bi Hwago, mke wa binamu yake, mwanamke ambaye ukoo mzima ulimcheka kwa mdomo wake usiofungwa. Inasemekana hata usingizini alikuwa anaongea.

"Shemeji, upo?" aliita kutoka chini ya misonobari. "Uji huu hapa, uchukue kabla haujaganda. Mimi kugonga gonga sijui, nimeona bora niite."

Hakutakiwa kumjibu. "Yuko wapi?" Ikyeom aliuliza hata hivyo, kutoka ndani.

"Amelala. Homa, na kifua kinambana. Ameniambia nisikwambie, ndiyo maana nakwambia."

Adhuhuri Ungseo akapanda mwenyewe. "Ni homa ya baridi tu, nusu ya kijiji wanayo," alisema. "Karani anafika keshokutwa."

"Nishuke mara moja. Nimwone, nirudi."

"Theluji inaonyesha nyayo. Akikuta njia imekanyagwa kutoka kibandani hadi mlangoni kwa mkeo, ataandika nini? Kwamba alishindwa mwishoni." Ungseo alimshika bega. "Sikukatazi. Wewe mtu mzima. Nasema tu, mkeo ana watu wa kumwuguza. Baba yako ana wewe peke yako. Na vijana wetu nao wana wewe peke yako."

Alipoondoka, Ikyeom alikaa mlangoni akaitazama miguu yake.

Sasa hapa ndipo ninapomkasirikia, na nimemkasirikia kila mara ninapokisimulia kisa hiki. Mtu mwingine angeshuka, au angekataa kushuka, yakaisha. Yeye alifikiri hivi: baba alisema huruma huinuka yenyewe kabla ya fikra. Basi nikishuka kwa kufikiri, itakuwa kama kilio changu, sauti bila machozi. Ikiwa mbegu imo, miguu itainuka yenyewe. Akaingoja miguu. Mkewe anahema kwa shida huko chini kwenye moshi ule, na yeye amekaa kama mfanyabiashara anayesubiri mizani itulie. Hilo ni kosa la mtoto wa mwalimu. Wengine hatujasoma kiasi cha kulifanya.

Miguu haikuinuka. Baridi ilipanda hadi magotini. Alilia kilio cha jioni kwa saa yake, akalala, na katika usingizi alimwona ndama.

Kesho yake Bi Hwago alileta uji tena. Hakuita. Aliweka bakuli, akasimama kidogo, akashuka bila neno. Bi Hwago, bila neno. Ikyeom aliinuka, akachukua mkongojo, akashuka mpaka kwenye jiwe bapa. Mbele yake njia ilikuwa na theluji mpya ya usiku, safi isipokuwa alama za viatu vya mwanamke mmoja. Nyumbani kwake moshi ulikuwa mwembamba. Chini bondeni watu walikuwa wanafagia barabara kwa ajili ya farasi wa karani, akasikia mafagio yao. Alisimama pale mpaka uji ukaganda bakulini. Kisha akarudi juu.

Alijiambia, nimesimama tena. Alijua kabisa. Akarudi hivyohivyo.

Siku ya karani, Bi Hwago aliweka bakuli juu ya jiwe, akashuka, kisha akarudi. Alipanda. Alipita misonobari, akaja mpaka mlangoni pa kibanda, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga tangu matanga yaanze, theluji imemfika nusu ya miguu.

"Shemeji," alisema. "Wameniapisha nisikwambie mpaka yule mtu aondoke. Nimejaribu. Nimefika hadi mferejini, nikashindwa kuvuka, nikarudi." Alijifuta pua kwa kiganja. "Bi Sangol ametutoka. Alfajiri ya jana."

Ikyeom alimtazama. "Jana ulileta uji."

"Nilileta. Ndiyo maana sikusema kitu."

Kumbe alipokuwa amesimama kwenye jiwe, akishindwa kuamua, hapakuwa tena na cha kuamua.

"Alisema nini?"

"Angesema nini, na kifua kile. Aliuliza nani atakupelekea uji. Nikamwambia mimi. Akasema nisitie chumvi nyingi, huipendi." Bi Hwago alimwangalia akingoja, na alipoona hakuna kinachofuata akatikisa kichwa. "Basi nimekwambia. Wanichape."

Akashuka. Ikyeom alikaa palepale. Alijitafuta ndani kote, kama mtu anayepapasa mifuko, akakuta hamna kitu. Hata sasa. Mwanamke aliyemletea chakula miaka yote hii amekufa, na yeye anajiuliza kama analisikia hilo au halisikii. Alijiogopa mwenyewe, huyu mtu aliyekuwa amekaa mle kibandani. Uji aliuacha jiweni.

Alasiri sauti zilipanda njiani. Ungseo mbele, nyuma yake Bwana Eom karani, mzee mkavu mwenye kofia nyeusi, amechoka na vilima na amechoka na watoto wema. Wilaya nzima ilikuwa imemletea watoto wema. Saa ya kilio cha jioni ilikuwa imefika. Ikyeom alishatoka, amesimama mbele ya tuta na mkongojo wake, akavuta pumzi ya ile aigo ya kwanza.

Karani alifika kwenye jiwe bapa, akataka kukaa apumzike. Ungseo akaharakisha kumwondolea bakuli. Kijiko cha shaba kikateleza, kikaangukia jiwe.

Ko.

Na miguu ya Ikyeom ikainuka. Haikumwuliza. Iligeuka kutoka kaburini ikapiga hatua kushuka, hatua mbili, kama kila asubuhi, kwenda kuchukua uji kabla haujapoa, na uso wake, wanasema, ulikuwa umeanza kutabasamu. Ndipo akakumbuka.

Aliyekuwepo hawezi kusahau. Ikyeom alianguka kwa uso juu ya tuta la baba yake, na kilichotoka hakikuwa sauti ya mtoto wa kwanza wa kiume wala ya mtu yeyote anayejulikana bondeni. Alitaka kuita jina la mkewe. Hapo ndipo alipogundua kwamba halijui. Bi Sangol, Bi Sangol, hicho ni kijiji. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwuliza kwao walimwitaje. Kwa hiyo hakuwa na neno la kulia nalo isipokuwa lile la kila siku, aigo, aigo, neno ambalo watu wote hulilia wafu wote. Alilirudia mpaka koo likapasuka. Alichimba theluji na udongo kwa vidole. Machozi yalimtoka mpaka akashindwa kuona tuta.

Bwana Eom alivua kofia yake. Mzee yule mkavu alilia akiwa amesimama, bila kuficha. Baadaye alisema kwa sauti ya chini, "Nimewasikia wengi. Kumlilia baba hivi, baada ya miaka mitatu, sijasikia." Hakuuliza swali hata moja. Aliinama mbele ya kibanda, akashuka, na farasi wake akasikika akienda.

Ungseo alibaki. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipiga magoti kwenye theluji, na tumbo lake lote, akamshika mwana wa kaka yake mgongoni.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikwambia watu hawana mbegu. Kaka alisema kweli."

"Hakuwa baba," Ikyeom alisema ndani ya udongo.

"Nini?"

"Niliyekuwa namlilia. Hakuwa baba."

Ungseo aliondoa mkono. Alitazama bakuli lililopinduka, akaelewa. "Ni mdomo wa Bi Hwago," alisema, bila hasira.

"Mfuateni karani. Mwambieni."

"Nimwambie nini? Kwamba tulimficha mtu maiti ya mkewe ili alie vizuri?" Ungseo alijikongoja akasimama. "Nitabeba hilo mimi, nimelitenda. Lakini sikiliza. Umelia juu ya kaburi la baba yako, kwa saa yake, umevaa katani yake. Nani atapima chozi limekwenda kwa nani? Mwaka jana tulipokea vijana wawili kutoka kwenye yale mawe, wamefunikwa mikeka. Nenda kwa mama zao uwanyang'anye hilo lango. Ukiweza, mimi nitakushika mkono kwenda."

Hakuweza. Hakujua kama ni wema au ni uchovu, na kwa mara ya kwanza hakuchungulia ili ajue.

Walishuka pamoja jioni ileile. Njia ilikuwa nyembamba, imechimbika katikati kwa miguu ya mtu mmoja kwenda na kurudi miaka yote hiyo. Bi Sangol alikuwa amelazwa chumba cha nyuma, amefunikwa. Jikoni kulikuwa na shayiri iliyolowekwa, imevimba mpaka ukingo wa chungu. Ikyeom alikaa karibu naye. Alimshika mkono wa kushoto, ule wa fundo. Aliongea naye mengi usiyoyatarajia kwa mtu mkimya kiasi kile, na alikuwa amechelewa kwa siku moja na nusu.

Lango likajengwa masika. Nguzo nyekundu, ubao juu wenye jina la Nam Ikyeom na wema wake kwa baba. Wapitao hushuka farasini. Akina mama wa vijana huja wakamletea mayai, wakainama mpaka chini, naye huyapokea kwa kuwa kuyakataa kungekuwa kuwatukana. Walimu huleta wanafunzi wawaonyeshe: tazameni, mbegu ikikua huwa hivi. Bi Hwago peke yake hupita pale bila kuinama. "Nyumba njema si mlango," alimwambia siku moja mumewe, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ua, "fungua uingie ndani uone." Ikyeom alimsikia, akatamani aje aseme tena.

Jibu alilolifuata kilimani amelipata. Yeye siye yule ambaye baba yake hakuomba kukutana naye. Mbegu ilikuwemo, ilikuwemo siku zote, ila alikuwa anaifukua kila asubuhi kuangalia kama imeota. Angependa kumweleza mtu hilo. Aliwaza ni nani, na akaona kwamba ambaye angelisikiliza, akamcheka kidogo, kisha akagonga kitu kwa kijiko, ni mmoja tu.

Kwa mke desturi inatoa mwaka mmoja, na haitoi kibanda. Ikyeom alikwenda Sangol kuuliza jina la mkewe. Wazazi walishakufa, na kaka yake, baada ya kukuna kichwa, alikumbuka tu kwamba nyumbani walikuwa wanamwita Mtoto. Marehemu alikuwa hana mwana wa kumlilia. Mwaka ukaisha, katani ikavuliwa, na hapo kwa mujibu wa vitabu vyote mambo yakawa yamekwisha.

Lakini kila asubuhi mtu mwema wa lango jekundu hupika uji wa shayiri mwenyewe. Anaupika vibaya. Hulifunga bakuli ndani ya sketi ya zamani ya pamba, fundo upande wa kushoto, akapanda nalo mpaka kwenye kaburi dogo la mkewe upande wa pili wa misonobari, akaliweka juu ya jiwe. Hakuna kitabu kinachoagiza hivyo. Hugonga kwa kijiko cha shaba, ko, ko, ko. Kisha huondoka haraka bila kugeuka, ili naye apate nafasi ya kutoka kuchukua.